Fremu za picha za kidijitali zifunguliwe, zisitupwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie fremu za picha za kidijitali, vile vioo vidogo vya mezani vilivyopendwa sana kama zawadi za harusi, ambavyo sasa vinarundikana kwenye maduka ya mafundi na mizigo ya mitumba. Nyingi hutufikia kioo kikiwa kizima na taa yake ikiwaka. Kilichokufa ni programu, au huduma ya mtandaoni ambayo mtengenezaji ameifunga.

Ndani ya nyingi kati ya fremu hizo mna kompyuta ndogo iliyokamilika. Parrot DF3120, iliyotengenezwa na kampuni ya Ufaransa, ina kioo cha pikseli 320 kwa 240 na hupokea picha kutoka kwenye simu kwa bluetooth. Mhandisi wa Uholanzi, Jeroen Domburg, aliichunguza programu yake hadi akaiwekea Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, na tangu hapo mwenye fremu hiyo aliweza kuipa kazi aitakayo. Zile za bei ya chini kabisa hazina nafasi ya mfumo kama huo, lakini hata vifremu vya kuning'iniza kwenye funguo vyenye chipu ya AX206 vimegeuzwa kuwa skrini ndogo za ziada za kompyuta kwa waya wa USB.

Kwetu Pwani kazi ipo tele. Nyakati za sala hukokotolewa kwa tarehe na mahali ulipo, hivyo fremu iliyowekewa programu inayofaa inaweza kuzionyesha ukutani msikitini pasipo intaneti kabisa. Vivyo hivyo jedwali la maji kujaa na kupwa kwenye banda la wavuvi. Jambo la kuangaliwa ni saa yake: umeme ukikatika, fremu isiyo na betri ndogo ya kutunza saa hurudi kwenye tarehe ya zamani, na nyakati zote zinakosewa. Betri hiyo fundi yeyote makini anaweza kuiongeza pamoja na saketi yake ya saa. Zile zinazotumia Android ya zamani nashauri zisiunganishwe na intaneti, kwa kuwa hazipati tena marekebisho ya usalama.

Kikwazo kikubwa ni kufuli ambalo mtengenezaji huliweka ili kifaa kikatae programu isiyo na saini yake, yaani alama ya kidijitali ya idhini yake. Faida ya kufungua tumeiona kwenye ruta, vile vifaa vya kusambaza intaneti. Mwaka 2003 msimbo wa programu ya ruta ya Linksys WRT54G ulitolewa hadharani kwa sababu ndani yake mlitumika programu huria zenye leseni ya GPL, inayodai hivyo. Mwaka uliofuata ukaanza mradi wa OpenWrt, mfumo huria wa ruta, ambao hadi leo unahuisha ruta za kampuni nyingi. Kifaa kisichofunguliwa huishia kuwa taka, na ripoti ya Umoja wa Mataifa inaonyesha kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Kwa hiyo naiomba TBS, shirika letu la viwango, inapokagua vifaa vinavyoingia nchini, imtake mtengenezaji aandike kwenye boksi miaka atakayoendelea kuhudumia programu yake, na aahidi kuliondoa kufuli siku atakapoacha. Vyuo vya ufundi vya VETA navyo viwafundishe vijana wa elektroniki kupakia mifumo hii, kwani fremu za kujifunzia zimejaa madukani mwetu.

Fundi wa vifaa vya elektroniki,
Tanga