Mvuvi hana mshahara wa mwezi

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wazazi wenzangu wa Pwani kosa tulilolifanya wakati wa kuomba ufadhili wa chuo kikuu, maana bado linatugharimu.

Mume wangu ni mvuvi hapa Mtongwe. Kijana wetu alipoitwa chuo alivuka feri akaenda saiba mjini kujaziwa fomu. Akaulizwa babake hupata pesa ngapi kwa mwezi. Mtoto akakumbuka Januari, bahari imetulia, baba anarudi na nguru na changu, akajibu elfu arobaini. Yule aliyekuwa akijaza akaandika hivyo, akabonyeza, akachukua pesa zake.

Tukawekwa bendi ya 3, yaani daraja la tatu la uwezo wa familia.

Kwa mgawanyo wa 2024, familia yenye kipato kisichozidi Sh5,995 kwa mwezi huwa bendi ya 1: serikali hutoa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) asilimia 25, mzazi 5. Bendi ya 2 hufika Sh23,670 na mzazi hulipa asilimia 10. Bendi ya 3 hufika Sh70,000, mzazi 20. Ya 4 hufika Sh120,000, mzazi 30. Zaidi ya hapo ni bendi ya 5, mzazi 40. Ile ya serikali hairudishwi, mkopo hurudishwa, na wazazi wengi niliozungumza nao walidhani yote ni msaada.

Kozi ya mwanangu ni Sh180,000 kwa mwaka. Bendi ya 3 inatutaka tulipe Sh36,000. Bendi ya 2 ingekuwa Sh18,000.

Sasa tuhesabu vizuri. Hizo elfu arobaini ni za miezi mitano ya upepo wa kaskazi. Kusi likivuma, miezi saba iliyobaki, mashua yetu ndogo haiwezi kutoka nje, na mume wangu akipata elfu nane kwa mwezi tunashukuru Mungu. Jumla ya mwaka ni Sh256,000. Gawanya kwa miezi 12, unapata kama Sh21,300. Hiyo ni hesabu ya bendi ya 2, na ndiyo tuliyopaswa kuiandika.

Tena kipato si kila kitu. Huangaliwa pia ukubwa wa familia, ulemavu, mahali unakotoka, aina ya kozi, na karo za watoto wengine mnaowasomesha. Hapa ndipo tulipokosea mara ya pili. Nalea watoto wawili wa marehemu dada yangu, wote wako sekondari. Tunalala nyumba moja, tunakula sinia moja. Kwenye fomu hawakuandikwa, kwa kuwa kijana aliulizwa ndugu zake ni wangapi akawataja wale niliowazaa mimi. Nyumba ngapi za huku kwetu hazina mtoto wa ndugu?

Najua Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba mpango huu unakiuka Katiba, na kesi ikaenda rufaa. Hayo ni ya mawakili. Mimi nina mtoto anayetakiwa karo.

Sisi nasi tumekata rufaa ya bendi. Mbali na barua ya chifu na vyeti vya kifo vya dada yangu na mumewe, tumeambatanisha nakala za daftari la BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo), ambamo kilo za kila mvuvi huandikwa anapofika ufuoni. Kurasa za Juni na Julai karibu ni tupu. Mvuvi mwenye mtoto kidato cha nne aanze kuomba nakala zake sasa, asingoje barua ya chuo.

Na kwa HELB na Hazina ya Vyuo Vikuu: fomu iulize kipato cha kusi na cha kaskazi kila kimoja mahali pake, na iulize mtoto anakaa na nani na wanaosomeshwa nyumbani humo ni wangapi, kwa Kiswahili.

Mama wa mwanafunzi,
Mtongwe, Mombasa