Ukabaila wa Ufaransa haukuzikwa usiku mmoja

Ndugu Mhariri,

Makala mliyochapa kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa inasomeka vizuri, ila imewapa makabaila sifa isiyo yao. Mwandishi anatuambia kuwa usiku wa Agosti 4, 1789, kule Versailles, wabunge waliinuka mmoja baada ya mwingine wakaachia haki zao kwa hiari. Hiari gani, ilhali tangu Julai wakulima walikuwa wakivamia majumba ya mabwana na kuchoma madaftari ya tozo walizodaiwa na mabwana hao?

Mbunge Noailles, aliyetoa hoja usiku huo, alitoka ukoo mkubwa lakini yeye hakuwa na mali ya kutisha. Aliyemuunga mkono, Duki wa Aiguillon, alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa ardhi nchini. Wote wawili walitaka tozo za mashamba zinunuliwe na wakulima wenyewe ili waache kuzilipa, si zifutwe bure. Amri zilipokamilika Agosti 11 zikatangaza kuwa Bunge limeufuta kabisa ukabaila, kisha maneno yaliyofuata katika kifungu hichohicho yakaanza kuuokoa.

Yapo yaliyokwisha kweli. Bwana alikuwa na banda la njiwa. Njiwa wakishuka shambani wanadonoa mbegu, na mkulima anawatazama tu, maana haruhusiwi kuwagusa. Kifungu cha 2 kiliamuru wafungiwe majira yatakayopangwa na wanakijiji, na atakayewakuta shambani kwake majira hayo ana ruhusa ya kuwaua. Naamini kijijini hicho ndicho kifungu kilichofurahiwa kuliko hotuba zote.

Lakini fungu la mavuno alilokatiwa bwana kila mwaka lilibaki palepale. Sheria ya Mei 1790 ilimtaka anayejikomboa alipe tozo ya miaka 20 ikiwa alilipa kwa fedha, na ya miaka 25 ikiwa kwa mazao. Mkulima wa kawaida azitoe wapi?

Wengi waligoma kulipa, na vurugu hazikukoma. Agosti 1792 mzigo wa kuthibitisha ukageuzwa: bwana ndiye aoneshe hati ya asili ya tozo yake, na nyingi zilishakuwa majivu. Julai 17, 1793, tozo zilizosalia zikafutwa bila fidia hata senti, na hati zake zikaamriwa zichomwe.

Tarehe hiyo ya mwisho haimo kabisa katika makala yenu. Naomba iongezwe mtakapoirudia mada hii.

Mwalimu wa historia,
Morogoro