Haki ya kompyuta kwa asiye na kompyuta

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie sheria ya Montana, jimbo la Marekani ninakoishi, aliyoitia saini Gavana Greg Gianforte Aprili 2025. Serikali ikitaka kumzuia mtu kumiliki au kutumia kompyuta kwa shughuli halali, sasa lazima ionyeshe sababu nzito, na zuio lenyewe lisivuke mpaka wa sababu hiyo. Ni jambo jema, sibishi. Hata anayeendesha programu ya akili mnemba nyumbani kwake amepata kinga.

Lakini isome tena. Inamlinda mwenye mashine. Asiye nayo haimpi kitu. Juni 2024 mpango wa serikali kuu uliozipunguzia familia za kipato cha chini hadi dola 30 kwa mwezi katika bili ya intaneti, na hadi dola 75 kwenye ardhi za makabila ya wenyeji asilia, ulikufa kwa sababu Bunge halikuongeza fedha. Hapa Missoula nawaona wanafunzi, wakiwamo watoto wa Wakongo wenzetu, wakimalizia kazi za shule kwenye simu ya mama, kioo kimepasuka na bando linayoyoma. Watakaonufaika upesi ni wenye maghala ya seva, ambao wala hawakuhitaji kubembelezwa.

Majimbo yanayotaka kuiga Montana yaongeze kifungu kimoja tu: fedha za kuunganisha nyumba zisizo na intaneti, kuanzia vijijini.

Msomaji wako,
Missoula, Montana