Kwa vijana mliookoka: nendeni mkarudishe

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nimeona nisinyamaze. Kwenye mkesha wa hivi karibuni kijana mmoja alishika kipaza sauti akashuhudia. Alikuwa mweka hazina wa kikoba, na fedha za akina mama zikaishia kwenye kubeti. Sasa ameokoka. Akanukuu Wakorintho wa Pili 5:17, "ya kale yamepita tazama! yamekuwa mapya," vigelegele vikapaa. Mmoja wa akina mama hao, muuza vitumbua, alikuwa ameketi mle mle. Hela yake ilikuwa ada ya mtoto. Ibada ilipokwisha kijana akamwambia, "Mama nisamehe, shetani alinipitia," kisha akaenda kupiga picha na wenzake.

Jamani! Nani aliwafundisha kwamba Damu ya Yesu inafuta daftari la kikoba?

Paulo huyo huyo aliyeandika "ya kale yamepita" alimrudisha Onesimo, mtumwa aliyetoroka, kwa bwana wake Filemoni. Hakumwambia Filemoni asahau. Aliandika, "kama amekudhulumu, au unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu," akaahidi kulipa yeye mwenyewe, naye yuko kifungoni! Na Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, je? Torati, katika Hesabu 5, ilimtaka anayeungama arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo akajitwika mara nne, kama mwizi wa kondoo wa Kutoka 22. Hakuwa ananunua wokovu, maana Yesu alishamwita ashuke mtini kabla hajaahidi hata senti. Alipokelewa bure, ndipo mkono wake ukafunguka.

Wazee wetu wa uamsho walilijua hili. Moto ule wa Gahini, Rwanda, wa miaka ya 1930, ulipofika Katoke huku kwetu Kagera mwaka 1939, watu hawakuishia kuimba Tukutendereza, wimbo wa sifa wa uamsho huo. Walirudisha vya wizi, wakalipa madeni, wakaungama mbele ya wale wale waliowakosea. Huko ndiko kulikoitwa kutembea nuruni, na hata wasioamini waliona kwamba kuna jambo limetokea.

Namjua fundi seremala aliyekuwa akila malipo ya awali ya watu: kitanda hakiji, kabati haliji, simu haipokelewi. Alipookoka aliandika orodha ya wote, akaanza kuwafuata. Mmoja alimfukuza kwa matusi. Mwingine alikuwa amekwisha kufa, akawapelekea watoto wake. Pikipiki iliuzwa, mkewe akalia. Ilichukua miaka. Leo watu wasiokanyaga kanisani humwachia funguo za nyumba zao wakisafiri.

Lakini nisiwaonee ninyi peke yenu, maana mmejifunza kwetu. Mtu anayejulikana mtaa mzima kwamba amekula fedha za zahanati anakuja kwenye harambee ya kupaua kanisa, anatoa kitita, nasi tunamketisha kiti cha mbele na kumwombea baraka. Wagonjwa wananunua dawa kwa kukopa. Wachungaji, mnampa mwongofu wa juzi kipaza sauti kabla hamjamuuliza faraghani, "Mwanangu, kuna mtu anayekudai machozi?" Halafu tunashangaa taifa lenye makanisa kila kona linavyoibiwa.

Yako na mengine. Mlipe dada wa kazi mshahara wake wote. Mtoto uliyemkana, mtambue na upeleke matunzo. Uliyemsingizia, rudi kwa wale wale uliowaambia uongo ule ukawaeleze kweli. Pigia wazazi simu.

Najua wengi wenu hamna kitu, na aibu inawala. Sikuambii ukope ili ulipe. Waefeso 4:28 inamwambia mwibaji asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake. Kwa hiyo tafuta kibarua, nenda kwa uliyemdhulumu na mtu mzima mmoja, taja kiasi kamili bila kumtaja shetani, mwandikiane utalipa kidogo kidogo. Elfu tano ya kila wiki anaiona. Akikataa kukusamehe, endelea kulipa hivyo hivyo, maana hela ni yake.

Anayeogopa kwenda peke yake aje aniambie baada ya ibada. Nitakwenda naye, na kama itabidi kusimama mlangoni tukitukanwa, tutasimama wote wawili.

Mzee wenu katika Bwana.