Barua kwa Moraa: kanisa letu la mbao za ofukati

Kwa Moraa, dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, baba watoto na hao vijana wako hamjambo huko Kisumu. Sisi hatujambo. Mama yangu analalamika magoti, lakini kilima cha kanisa bado anakipanda kila Jumapili, na mkongojo hataki hata kuusikia.

Nimebebeshwa kazi. Baraza la wazee limeamua tuchapishe kijitabu cha historia ya usharika wetu, na kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa baraza, na kompyuta iko kwangu, ikawa yangu. Kamati ikaundwa. Unazijua kamati zetu: chai na mandazi kwanza, hoja baadaye. Mzee wetu yule aliyekuwa akitusikilizisha katekisimu na fimbo mkononi alitaka tuanzie Wittenberg, mwaka 1517, Luther alipoanzisha matengenezo ya kanisa. Mwingine akasema la, tuanze na mmisionari Krapf, kwa sababu alikuwa Mlutheri wa Kijerumani na alifika Mombasa mwaka 1844. Hilo ni kweli, ila Krapf alitumwa na shirika la Waanglikana, na huku kwetu hakukanyaga. Niliwaambia tukianzia Wittenberg, karatasi zitaisha kabla hatujafika Naivasha.

Mwishowe wakakubaliana na Itierio, 1948. Sina ubishi na tarehe hiyo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Uswidi waliingia Kisii mwaka huo, na Walutheri wa Tanganyika, ambao leo ni KKKT, wakiwa tayari na mizizi upande wa pili wa mpaka, kwetu Kenya kanisa hili la Kilutheri, ELCK, lilianzia pale kwenye vilima vya Wagusii. Baadaye wakaja Wafini, Wamarekani, na Wanorwe waliokwenda Pokot. Matongo kukawa na chuo cha kufundisha wachungaji. Yote haya yataingia, na yanastahili.

Lakini rasimu ya kamati inasema: wamisionari walifika Kisii, Injili ikaenea, ikafika huku. Ilifika kwa miguu ya nani? Hapo wanaruka. Wewe na mimi tunajua kwamba hakuna Mswidi aliyekuja kuhubiri katika mji huu. Waliokuja ni watu waliokuwa wakitafuta kazi. Reli ya Kisumu ilipokamilika Desemba 1901, nyanda hizi zikagawiwa walowezi, na walowezi wakataka mikono: ya kuchuma pareto Molo, ya kukamua ng'ombe, ya kusukuma magogo kwenye viwanda vya mbao vya Elburgon na kandokando ya Mau. Hata baada ya Uhuru mikono hiyo iliendelea kuja. Kisii mashamba yalikuwa yakigawanywa kwa wana hadi yakabaki vipande, kijana akashika njia. Baba yako alikuwa mmoja wao. Alikuja kushika msumeno, na ndani ya begi alikuwa na katekisimu.

Nimekaa na kile kitabu cha ubatizo cha kwanza. Ni kaunta buku lenye mgongo mwekundu, jalada limekatika, na mende wamejilia pembe zote. Mistari imepigwa kwa rula: namba, tarehe, jina la mtoto, baba, mama, mdhamini. Halafu kuna safu moja ambayo nadhani haiko katika kitabu cha kanisa lingine lolote, ameiongeza mtu kwa mkono wake mwenyewe: "kazi ya baba". Chini yake imeandikwa msumeno, msumeno, pareto, ng'ombe, reli, msumeno, mpishi wa mzungu, msumeno. Ukurasa mzima. Ukinipa ukurasa huo mmoja nitakueleza usharika huu ulitoka wapi vizuri kuliko hotuba zote za siku ya kuwekwa jiwe la msingi.

Na angalia tarehe. Ukurasa wote una tarehe moja. Kisha miezi mitupu. Kisha ukurasa mwingine, tarehe moja tena. Mchungaji alikuwa anatoka mbali, anakuja mara chache kwa mwaka, na ubatizo na Meza ya Bwana vilimngoja yeye. Siku akifika, foleni inatoka nje: watoto wachanga, watoto wanaotembea, wengine wanaojibu majina yao wenyewe. Kwenye daftari la ndoa kuna maharusi ambao watoto wao watatu wamebatizwa siku ileile, saa hiyohiyo, na nina hakika pilau ilikuwa moja. Pembeni mwa ukurasa mmoja kuna maneno ya penseli: "Mvua. Mchungaji hakufika. Tumeimba tu." Mwandiko ni wa baba yako, naujua kutoka kwa zile kadi za kipaimara.

Kwa hiyo Jumapili nyingine zote nani alikuwa analichunga kanisa? Mwinjilisti. Alihubiri, alifundisha, alizika, alipatanisha waliopigana kwa ajili ya mshahara wa mwisho wa mwezi, na Jumatatu alikuwa kiwandani saa moja asubuhi. Kamati imetayarisha ukurasa wa "Watumishi Waliotuhudumia", na umejaa wachungaji waliowekewa mikono peke yao. Wainjilisti wametajwa kwa pamoja, mstari mmoja, "na wengine wengi". Nimekataa kuupiga chapa ukurasa huo. Nimewaambia wazi kwamba kama baba Moraa ni "wengine wengi", wamtafute mwandishi mwingine.

Jengo la kwanza utalikumbuka. Kuta za ofukati, zile mbao za pembeni zenye maganda ambazo kiwanda kilikuwa kinatupa au kuuza kwa bei ya kuni. Upepo wa Mau ulikuwa unapita kwenye nyufa hadi kurasa za kitabu cha nyimbo zinajifunua zenyewe. Sakafu ilikuwa unga wa mbao. Mama zetu waliubadilisha kila mwezi kwa sababu ya viroboto, na sisi watoto tulitoka ibadani magoti yamepakwa. Kengele ni kile kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti. Matofali yamekuja baadaye sana, kwa harambee na kwa minada ya mavuno. Je, unaukumbuka ule mnada ambapo jogoo mmoja alinunuliwa, akarudishwa, akanunuliwa tena, hadi akawa ghali kuliko ndama? Mkungu wa ndizi, sukuma wiki, mayai ya kienyeji, yote yaligeuka saruji. Nasikitika kwamba kamati inaliita jengo la matofali "kanisa la kwanza la kudumu", kwani lile la ofukati lilisimama miaka mingi na halikuangushwa na mvua, tulilibomoa wenyewe.

Ugomvi wa lugha nitauandika, ingawa mzee mmoja ameniomba niupite. Mwanzoni ibada ilikuwa Ekegusii kutoka mwanzo hadi baraka. Kisha wakaja majirani: Wakikuyu wachache, Wakipsigisi, Waluhya wa kiwandani, na wasichana walioolewa ndani. Wakakaa nyuma, wakisimama wenzao wanaposimama. Vijana wakadai Kiswahili. Wazee wakaona tunauza kanisa. Mambo yalikwenda hadi watu wawili wakatoka nje katikati ya Kyrie, ule wimbo wa "Bwana, utuhurumie". Suluhisho walilopata lilikuwa la kijinga kidogo, kila lugha na Jumapili yake, na matokeo yake kila kundi likawa linakuja Jumapili yake tu. Kiswahili kilishinda baadaye, na ningependa kuandika kwamba kilishinda kwa upendo.

Hakikushinda hivyo. Mwaka 1992 ghasia za uchaguzi zilitutikisa, 1997 pia, halafu Januari 2008. Hapa sihitaji kukueleza, ulikuwa kwenye lori lile wewe. Wengine walikwenda uwanja wa maonyesho wa Nakuru, wengine wakanyoosha moja kwa moja Keroka na Kisii kwenye vipande vya ardhi walivyokuwa wamevikimbia. Katika daftari la washirika mwaka huo, majina mengi yamepigwa mstari mmoja mwembamba, bila barua ya uhamisho, bila neno. Waliobaki walikuwa mchanganyiko, na hakuna kundi lililokuwa na watu wa kutosha kuimba Jumapili yake peke yake. Ndiyo maana tunaimba Kiswahili. Kamati inataka kuandika "tuliamua kuungana". Mimi nimeandika kwamba tulipungua, halafu tukaungana. Tumeachana hapo.

Kuna jambo ambalo wao wanataka lipewe kurasa tatu nami nimelipa nusu ukurasa: ile Februari 2005, askofu wetu wa wakati huo, Obare, alipokwenda Gothenburg kumweka wakfu Arne Olsson awe askofu wa Walutheri wa Uswidi waliokuwa wakipinga wanawake kuwa wachungaji. Dunia nzima ya Kilutheri ilichemka, na Shirikisho la Walutheri Duniani, lile la Geneva, likamwondoa kwenye nafasi yake ya ushauri. Ni habari kubwa kweli, wana wa Itierio kuwapelekea Waswidi askofu. Lakini huku kwetu tulikuwa tunatafuta mabati. Na kuhusu wanawake madhabahuni, maoni yangu unayajua. Majirani zetu wa KKKT waliamua jambo hilo miaka ya 1990. Kwenye kamati niko mwanamke peke yangu, na mandazi ninakaanga mimi.

Sura ya mwisho ni ya mbao tena. Serikali ilipofunga misitu isikatwe miti Februari 2018, tuliambiwa ni siku 90. Zikawa miaka. Viwanda vikanyamaza, vijana wakaenda Nairobi na Naivasha kwenye maua, na kikapu cha sadaka kikawa kinapita haraka. Daftari la mweka hazina linaonyesha wazi kuliko gazeti. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza marufuku imekwisha, akiwa hapo Molo, naye ndiye aliyekuwa ameitangaza akiwa Naibu wa Rais. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilimwangalia mweka hazina. Kanisa hili lilikuja na kazi, na kazi ikiondoka linaondoka nayo. Hilo ndilo ninalotaka kijitabu kiseme, hata kama Wittenberg haitatajwa.

Sasa shida yangu. Muulize mama yako mambo haya kabla ya mwisho wa mwezi ujao, maana ndipo kitabu kinapokwenda kwa mpiga chapa Nakuru. Baba yako alikuja huku mwaka gani, na alimfuata nani? Kiwanja cha kanisa tulipewa au tulinunua, na kama tulinunua, risiti iko kwa nani? Ile reli ya kengele aliitoa wapi, kwa ruhusa au bila ruhusa? Mwache aongee Ekegusii apendavyo, wewe mrekodi kwenye simu tu, nitaandika mwenyewe. Na ile picha ya baba akiwa na ovaroli mbele ya kanisa, usiipige picha kwenye fremu, kioo kinang'aa. Itoe, uipeleke saiba ikaskaniwe, unitumie kwa barua pepe. Pesa ya saiba nitakurudishia kwa M-Pesa.

Wako rafiki wa siku zote,
Kwamboka