Barua kwa mwanangu anayeongoza kwaya

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mazoezi ya kwaya yanakumaliza, ukirudi usiku huna tena nguvu ya kutunga, na sasa unataka kuiacha. Sitakuamulia. Ila nikusimulie habari za Gustav Mahler, yule ambaye simfonia yake ya pili, utungo mrefu wa okestra, tuliisikiliza pamoja ukiwa kidato cha pili, ukakaa kimya hadi mwisho.

Leo tunamwita mtunzi. Enzi zake, mkate wake ulitokana na kuongoza okestra. Alianza mwaka 1880, kijana wa miaka 20, kwenye jumba dogo la maonyesho huko Bad Hall, mji wa Austria ambako watu walikwenda kuoga maji ya tiba. Baada ya hapo ni kuhama tu: Laibach, Olmütz, Kassel, Prague, Leipzig, Budapest, Hamburg. Mwaka 1897 akafika Vienna, akawa mkuu wa opera ya mfalme, jumba la michezo ya kuimbwa. Alikuwa Myahudi, na cheo kile Myahudi hakupewa, hivyo Februari mwaka huo alibatizwa Mkatoliki. Kila nikifika hapo moyo huniuma. Mtu hapaswi kulipia kazi kwa imani ya wazazi wake.

Alikaa pale miaka 10, na alikuwa mkali. Waliochelewa aliwazuia mlangoni, na wale waliolipwa kuwapigia waimbaji makofi aliwapiga marufuku.

Sasa utauliza, alitunga saa ngapi? Kiangazi, opera ikifungwa. Huko Steinbach, kando ya ziwa Attersee, alijengewa kibanda cha chumba kimoja, na humo akaandika Simfonia ya Tatu. Baadaye akawa na kibanda kingine, mahali paitwapo Maiernigg. Majira ya baridi alirudi kusimama mbele ya wapigaji, na kusimama huko kulimfundisha. Simfonia ya Tano aliiongoza mwenyewe mara ya kwanza huko Cologne mwaka 1904, akaisikia, kisha akaendelea kuzirekebisha nota zake kwa miaka. Wewe pia, mwanangu, ile sauti ya tatu uliyoiandika juu mno, ni kwaya yako iliyokuonyesha.

Mwaka 1907 binti yake mkubwa, Maria, alifariki akiwa na miaka 4. Mahler akaiacha Vienna, akaenda New York. Februari 21, 1911 aliongoza onyesho lake la mwisho pale Carnegie Hall, mwili ukiwa na homa. Mei 18 akafariki, miaka 50 tu. Simfonia yake ya Tisa hakuwahi kuisikia. Bruno Walter, mwongozaji aliyewahi kuwa msaidizi wake, ndiye aliyeiongoza Vienna mwaka uliofuata.

Likizo ya Desemba uje nyumbani. Chumba cha uani nimekipaka chokaa, meza nimeisogeza dirishani, na watoto nimewaambia asubuhi wakacheze upande wa barabarani. Njoo na ule wimbo wa Pasaka ulioishia ubeti wa pili.

Baba yako