Kipaji unacho, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Tangu uliponiambia kwamba huna kipaji chochote, neno hilo limenikaa moyoni, na sikubaliani nalo hata kidogo.

Najua lilikotoka. Dada yako akiimba, watu hunyamaza wakamsikiliza. Wewe ukijitazama huoni cha kuonyesha. Lakini kipaji ni rahisi kumpita mwenyewe machoni, kwa kuwa humjia bila taabu. Jambo lisilokusumbua wewe unadhani halimsumbui yeyote. Wadogo zako wakikwama kwenye hesabu, hukimbilia kwako. Kwanza unawauliza wameelewa mpaka wapi, halafu unaanzia hapo hapo. Hukaripii, na wala huwafanyii. Wapo watu wazima wenye elimu kubwa wasioweza hilo. Nilipokusifu ukanijibu, "Si kuwaelekeza tu?" Hapana, si kuelekeza tu.

Tafuta habari za Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, mtoto wa mhunzi, aliyeanza maisha kwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Hisabati ya juu hakuiweza, na alilijua hilo. Nguvu zake akazitia kwenye majaribio, na mwaka 1831 akaonyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya huzalisha umeme. Milinganyo ya kueleza mawazo yake ilikuja kuandikwa baadaye na James Clerk Maxwell, ambaye hisabati ndiyo ilikuwa nguvu yake. Kila mmoja alifanya la kwake, na dunia ikawahitaji wote wawili.

Tena Faraday huyo huyo alikuwa akisimama mbele ya vijana jijini London, akiwafundisha kemia kwa mshumaa unaowaka. Nimelitaja hili makusudi, kwa sababu kueleza ndiko kulikojaa kwako. Naye hakuridhika na alichojaliwa: alijifunza kwa mwalimu namna ya kuzungumza mbele za watu. Kwa hiyo ninaposema ukubali kipaji chako, sisemi ubweteke nacho. Kipe muda na mazoezi, na usisubiri makofi ndipo ukiamini, maana anayeeleweshwa jambo mara nyingi huondoka na furaha yake bila kukumbuka kushukuru.

Mdogo wako bado anahangaika na sehemu na desimali. Keti naye, kisha uniandikie ulianzia wapi na ni swali gani lililomfungua. Nataka kujua unavyofanya.

Mama yako akupendaye